Nairobi Hadi New York Si Saa 15

Shika simu yako sasa hivi, uliza ni umbali gani kutoka uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta pale Nairobi hadi uwanja wa John F. Kennedy kule New York. Kabla hujameza mate jibu limefika: kilomita 11,800 na kitu, ndege ya moja kwa moja kama saa 15. Kwisha. Unafunga, unarudi kwa video zako.

Jibu hilo ni la kweli. Shida yake ni kwamba ni kama mtu akuulize wewe ni nani, umpe namba ya kitambulisho. Namba ni yako kweli, lakini haisemi ulizaliwa wapi, nani alikulipia karo, wala kwa nini una kovu kwenye goti.

Mimi ni mtoto wa Mboghoni, upande wa Taveta. Chuo niliacha mwaka wa pili, karo ilikuwa imenishinda, kwa hivyo msinitarajie niongee kama profesa. Lakini kusoma sikuacha, na kadiri ninavyosoma historia ya usafiri hapa kwetu, ndivyo naona jambo moja ambalo simu haiwezi kukuambia. Kilomita hazijawahi kubadilika. Enzi za babu wa babu yako New York ilikuwa pale pale ilipo leo. Kilichobadilika ni saa. Na saa hazikupungua zenyewe, wala hazikumpungukia kila mtu siku moja. Hiyo ndiyo stori ya leo, na wasee wa kwetu, hii stori inapita mlangoni mwetu kuliko mnavyodhani.

Tuanze na miguu

Mwaka wa 1848, mmisionari mmoja Mjerumani, Johannes Rebmann, alitoka Rabai kule karibu na Mombasa tarehe 27 Aprili akielekea bara. Alikatiza nyika, akapita katikati ya milima ya Taita, na tarehe 11 Mei akaona theluji juu ya Kilimanjaro. Siku 14. Leo ukipanda matatu Mombasa asubuhi, mchana unakula ndizi Taveta.

Ulaya walimcheka. Wataalamu waliokaa vitini London walisema theluji haiwezi kuwa karibu na ikweta, huyu atakuwa amepigwa na jua. Sisi tuliokuwa tukiuangalia huo mlima kila asubuhi hakuna aliyetuuliza. Weka hilo akilini, litarudi.

Taveta wakati huo haikuwa mwisho wa dunia. Ilikuwa kituo. Misafara ya kutoka pwani ilikuwa inapumzika hapa msituni kando ya mto Lumi, inanunua chakula, inapanga safari ya kwenda Umasaini au Uchagani. Kwa lugha ya leo tungesema Taveta ilikuwa uwanja wa kubadilishia ndege, tofauti ni kwamba ndege zilikuwa miguu ya wapagazi na mizigo ilikuwa kichwani.

Sasa msikie huyu mwingine. Ewart Grogan, Mwingereza, kati ya 1898 na 1900 alisafiri kutoka kusini mwa Afrika hadi Cairo, sehemu kubwa kwa miguu. Sababu? Alitaka kuoa msichana fulani na baba wa kambo wa msichana hakumwamini. Miaka miwili ya kutembea ili upewe mke, na nyinyi mnalalamika mahari ni ghali. Huyo Grogan ndiye baadaye alikuja kumiliki mashamba makubwa ya mkonge hapa Taveta, na ile nyumba yake ya kifahari juu ya kilima bado ipo, watu wanaiita kasri la Grogan. Ukiwa barabara ya kutoka Voi unaiona.

Kwa hivyo mtu aliyesifiwa dunia nzima kwa kuvuka Afrika kwa miguu aliishia kuwa jirani yetu, na ardhi yetu ikaishia kuwa yake. Lakini je, waliombebea mizigo, unajua jina la hata mmoja? Mimi pia sijui. Tuendelee.

Ndege zilifika kwetu kabla ya lami

Hii ndiyo sehemu huwa nikiwaambia marafiki wanadhani natunga. Ndege za kivita zilikuwa Taita Taveta zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, Wajerumani waliokuwa Tanganyika waliiteka Taveta tarehe 15 Agosti 1914. Waingereza wakaamua kuwatoa, na kwa hiyo kazi wakajenga reli kutoka Voi kuja huku, kupitia Mwatate na Maktau hadi Mbuyuni na kuendelea. Mwaka wa 1915 wakaleta Maktau ndege ndogo za jeshi la majini, aina ya Caudron. Mwanzoni mwa 1916 kikosi namba 26, cha marubani wa Afrika Kusini, kikapiga kambi Mbuyuni na ndege zake aina ya BE2c. Kazi yao ilikuwa kuruka juu, kuangalia Wajerumani wamejichimbia wapi, kisha kurudi kutoa ripoti.

Hebu piga picha. Hakuna lami, hakuna stima, maji ni ya kubebwa. Halafu juu ya kichwa cha mchungaji wa mbuzi wa Maktau inapita mashine ya mbao na kitambaa inayonguruma. Mchungaji huyo aliona ndege kabla ya watu wengi sana wa miji mikubwa ya Afrika.

Lakini ndege hazikushinda vita peke yake. Tarehe 12 Februari 1916 Waingereza na wenzao walishambulia kilima cha Salaita na wakatimuliwa vibaya, ndege wanazo. Na kila tone la mafuta, kila kipuri, kila gunia la unga baada ya reli kuishia lilibebwa na binadamu. Hao ndio Kariakoo, Carrier Corps, vijana wa Kiafrika waliolazimishwa kuwa wapagazi, wakafa kwa maelfu, wengi zaidi kwa njaa na magonjwa kuliko kwa risasi. Jina lao limebaki Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Ukienda pale kununua viatu, unakanyaga kumbukumbu.

Kwa hivyo somo la kwanza ni hili: kila mara saa za safari zilipopungua kwa mtu fulani juu, kuna mtu mwingine chini aliyelipa kwa mgongo wake.

1931, mwaka wa Voi

Baada ya vita ndege zikaanza kubeba raia. Mwaka wa 1931 kampuni ya Imperial Airways ilifungua njia kutoka London hadi Mwanza, ikipitia Cairo, Khartoum na Kisumu. Safari ilikuwa kama siku 10, na haikuwa hata ndege mwanzo hadi mwisho, kuna sehemu ya Ulaya abiria walikuwa wanateremka wapande treni. Januari 1932 njia ikasukumwa hadi Cape Town, siku 11 hivi. Grogan alichofanya kwa miaka miwili, mtu mwenye pesa sasa alikifanya kwa siku chache akiwa amevaa tai.

Mwaka huo huo wa 1931, tarehe 14 Mei, ndege ndogo aina ya Gipsy Moth iliruka kutoka Voi. Haikufika mbali. Ilianguka pale pale karibu na kiwanja, ikawaka moto. Ndani alikuwa Denys Finch Hatton, yule mwindaji Mwingereza ambaye Hollywood walimfanyia filamu mwaka wa 1985. Filamu nzima, na wengi mnaopita Voi kila wiki hamjui kuwa huyo jamaa alifia hapo.

Na hakuwa peke yake. Alikuwa na mfanyakazi wake Mkikuyu aliyeitwa Kamau. Kamau pia alikufa. Finch Hatton ana kaburi linalotembelewa na watalii kwenye vilima vya Ngong. Kamau alibaki na jina moja tu, na hilo lenyewe ni bahati.

Kulikuwa na mtu wa tatu ambaye nusura awe kwenye ile safari, kisha akashauriwa asiende. Alikuwa Beryl Markham, mzaliwa wa Uingereza aliyelelewa Njoro. Miaka mitano baadaye, Septemba 1936, Beryl aliruka peke yake kutoka Abingdon, Uingereza, na unajua alikuwa anaelekea wapi? New York. Bila kusimama. Alipambana na upepo wa mbele karibu saa 21, mafuta yakakatika kwenye injini, akaangukia kwenye tope la kisiwa cha Cape Breton nchini Kanada. Akatoka na jeraha la kichwa na jina kwenye historia: mwanamke wa kwanza kuvuka Atlantiki peke yake kutoka mashariki kwenda magharibi.

Kwa hivyo ukiulizwa nani wa kwanza wa kutoka Kenya kujaribu kuifikia New York bila kutua, jibu ni msichana wa Njoro mwaka wa 1936. Saa 21, na hata Uingereza kuja Kenya hujahesabu. Na upepo uliomsumbua ndio huo huo unaosumbua ndege za leo, nitaueleza.

Vijana 81

Turuke hadi 1959. Hii ndiyo sehemu inayonigusa zaidi, kwa sababu hapa ndipo watu wetu wenyewe wanapanda.

Tom Mboya alikuwa na miaka 28. Soma tena: 28. Kenya bado koloni, chuo kikuu cha kumtosha kijana Mwafrika hakuna, uhuru unakaribia na nchi haina wahandisi, walimu wala madaktari wa kutosha. Mboya akaenda Marekani, akazunguka akihutubia, akarudi na nafasi za masomo. Lakini nafasi bila nauli ni karatasi. Huko Marekani watu kama Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier wakasaidia kuchangisha. Huku nyumbani wazazi wakauza mbuzi, majirani wakachanga. Ndege ikakodishwa, na tarehe 9 Septemba 1959 wanafunzi 81 wakatua New York.

Uwanja waliotua uliitwa Idlewild. Mwaka uliofuata, seneta mmoja aliyekuwa anagombea urais alikubali wakfu wa familia yake utoe dola 100,000 za kusafirisha kundi la pili. Jina lake John F. Kennedy. Aliuawa Novemba 1963, na mwezi uliofuata Idlewild ukapewa jina lake.

Sasa geuka uangalie upande wetu. Uwanja wa Embakasi ulifunguliwa mwaka wa 1958, gavana akiwa Evelyn Baring. Waliochimba na kusawazisha pale ni pamoja na mahabusu wa enzi ya Mau Mau, watu waliofungwa kwa kudai ardhi, wakalazimishwa kujenga njia ya ndege ambayo wao hawakuwa na ruhusa ya kuitumia. Na siku wale vijana 81 wanaondoka, Jomo Kenyatta alikuwa amezuiliwa Lodwar, haruhusiwi kutoka. Mwaka wa 1978 uwanja ule ukapewa jina lake.

Ndiyo maana nasema namba peke yake haitoshi. Simu inakuambia JKIA hadi JFK. Historia inakuambia ni jina la mfungwa hadi jina la mfadhili, na katikati kuna watoto wa wakulima wakiwa na sanduku moja moja.

Na tuweke jambo moja sawa kwa sababu watu hulikosea kila mwaka. Baba yake Barack Obama hakuwa kwenye ile ndege ya 1959. Alienda Hawaii mwaka huo huo lakini kwa mpango wake tofauti, akisaidiwa na wanawake wawili Wamarekani waliokuwa wakifundisha Nairobi. Wangari Maathai ndiye alikuwa mtoto wa mpango huu. Aliondoka Septemba 1960 akiwa na miaka 20, kuelekea chuo kidogo cha masista jimbo la Kansas. Safari yao ilikuwa ya kurukaruka kama panzi: ndege ilitua Libya, ikatua Luxembourg, ikatua Iceland, ikatua Newfoundland, ndipo ikafika New York. Msichana wa Nyeri akaona nusu ya dunia kupitia madirisha ya vituo vya mafuta. Mwaka wa 2004 alishinda Tuzo ya Amani ya Nobel.

Kufikia 1963 mpango ulikuwa umepeleka karibu vijana 800 kutoka Afrika Mashariki. Hesabu ndogo, lakini serikali nzima mpya, vyuo na hospitali zilisimama juu yao.

Mwaka ambao Moshi ilikuwa mbali kuliko New York

Wengi wakisimulia historia ya ndege Kenya huruka hapa. Mtu wa Taveta hawezi.

Tangu 1946 Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa na shirika moja la ndege, East African Airways. Mwanzoni mwa 1977 likafa kwa ugomvi wa pesa na siasa, pamoja na Jumuiya yenyewe. Kenya ikaunda Kenya Airways Januari, na Februari ndege zikaanza kuruka. Mwezi huo huo Tanzania ikafunga mpaka. Ulikaa umefungwa hadi mwishoni mwa 1983.

Fikiria ukiwa Taveta. Moshi iko kilomita 40 hivi. Una shangazi huko, una shamba, una mke, soko lako ni la pande zote mbili. Asubuhi moja Holili imefungwa. Mtu mwenye pesa Nairobi anaweza kupanda ndege aende London arudi, lakini wewe huwezi kwenda kumzika mjomba wako anayekaa mahali unapopaona kwa macho.

Karibu miaka saba. Hapo ndipo nilipoelewa kuwa umbali haupimwi kwa kilomita peke yake. Unapimwa kwa ruhusa.

Na hadi leo kichekesho kipo. Uwanja mkubwa wa kimataifa ulio karibu zaidi na Mboghoni si wa Kenya, ni ule wa Kilimanjaro, uliofunguliwa 1971 kati ya Moshi na Arusha. Kutoka kwetu ni chini ya kilomita 100. JKIA kupitia Voi ni zaidi ya 400.

Zile saa 15 zenyewe

Haya, turudi kwa jibu la simu. Kwa nini ilichukua hadi 2018?

Kwanza, mashine. Kwa miaka mingi ukitaka Marekani ulikuwa unapitia London, Amsterdam, Dubai au Addis Ababa. Pan Am ya Wamarekani iliwahi kuleta ndege Nairobi, lakini ikipitia Afrika Magharibi. Kubeba abiria na mafuta ya kilomita 11,800 kutoka Nairobi si mchezo, kwa sababu uwanja wetu uko mita 1,600 juu ya bahari. Hewa ya juu ni nyepesi, na mchana joto linaifanya iwe nyepesi zaidi. Ndege nzito inahitaji hewa nzito ya kuiinua. Njia ndefu ya kurukia, zaidi ya kilomita 4, inasaidia. Baridi ya usiku inasaidia pia. Ndiyo sababu moja safari ndefu inafaa kuondoka usiku.

Pili, ruhusa, lile neno tena. Baada ya bomu la ubalozi la tarehe 7 Agosti 1998, usalama ukawa swali la kwanza. Juni 2009 shirika la Delta lilikuwa tayari kuanza safari za Atlanta hadi Nairobi kupitia Dakar. Siku moja kabla, serikali ya Marekani ikazuia kwa sababu za usalama. Tiketi zimeuzwa, sherehe imepangwa, kisha hakuna ndege. Ilibidi Kenya ibadilishe mambo mengi uwanjani, na Februari 2017 ndipo mamlaka ya anga ya Marekani ikaipa daraja la kwanza la usalama wa anga, lile linaloruhusu ndege zetu kwenda kwao.

Ndipo usiku wa tarehe 28 Oktoba 2018, Kenya Airways ikarusha Boeing 787 Dreamliner kutoka JKIA. Marubani wanne wakipokezana, wahudumu 12, mafuta kama tani 85. Karibu saa 15 kwenda, kama saa 14 kurudi.

Kwa nini kurudi ni haraka? Ule upepo wa Beryl. Juu sana, kule ndege kubwa zinakoruka, kuna mito ya upepo mkali inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ukienda New York inakusukuma kifuani, ukirudi inakusukuma mgongoni.

Na saa zenyewe zinacheza na akili. Kwa ratiba ya mwanzo uliondoka Nairobi saa 5:25 usiku, ukafika New York saa 12:25 asubuhi. Ukiangalia ukutani unadhani umesafiri saa 7. Nane zingine zimefichwa na dunia inayozunguka. Machi 2020 korona ikazima safari zote, baadaye zikarudi. Lakini njia ilikuwa imefunguka.

Sasa hesabu ya Mboghoni

Hapa ndipo wengine watanikasirikia.

Saa 15 ni za nani? Chukua kijana wa hapa mwenye barua ya chuo cha Marekani mkononi. Saa zake zinaanza siku anapotafuta cheti cha kuzaliwa. Kisha pasipoti: fomu, ada, foleni. Kisha viza: ada ya maombi ya dola 185 tangu 2023, hairudishwi hata ukinyimwa, na miezi ya kungoja mahojiano ya dakika chache. Kisha kuonyesha benki kuna pesa, wakati baba anauza ndizi soko la Taveta Jumatano na Jumamosi. Kisha matatu hadi Nairobi, saa saba au nane. Ndipo zile 15 zianze. Ukijumlisha kwa ukweli, Mboghoni hadi New York ni mwaka, wakati mwingine ni miaka mitatu, na kwa wengi jibu ni kamwe.

Mtalii wa New York mwenye pasipoti ya Marekani anajaza ombi lake mtandaoni, analipa, anapewa. Kwake ni saa 14 kweli. Njia moja, uwanja ule ule, ndege ile ile, lakini umbali ni tofauti. Kilomita zetu ni ndefu kuliko zao.

Na tuseme kile kila mtu anajua. Wasichana na wavulana wengi wa umri wangu kutoka kaunti hii wakipanda ndege mara ya kwanza, hawaendi JFK. Wanaenda Doha, Riyadh, Jeddah, Dubai. Saa tano hivi tu. Hakuna anayewakatalia viza, kwa sababu wanaenda kufagia, kulinda na kulea watoto wa wengine. Mlango wa kazi ya mikono uko wazi usiku na mchana. Mlango wa kusoma una foleni. Sisemi kazi ni aibu, kuna nyumba za mawe hapa Taveta zilizojengwa na pesa za Ghuba. Ninasema mwaka wa 1959 nchi nzima ilichanga ili vijana 81 waende kusoma warudi kujenga, na leo kijana anachanga peke yake, anakopa ajenti, anaondoka usiku, na wengine tunawasindikiza tena uwanjani wakirudi kwenye sanduku.

Mboya hakuwa na ndege ya saa 15. Alikuwa na ndege ya kukodi inayotua kila mahali kutafuta mafuta. Alichokuwa nacho ni wazo kwamba nauli ya kijana mmoja ni deni la wengi. Teknolojia yetu imeishinda ya kwake mara kumi. Hilo wazo limeachwa njiani, kama wapagazi.

Msinielewe vibaya, naipenda ile Dreamliner. Nikipata tiketi kesho, mtaniona dirishani. Lakini sikubali tuambiwe kuwa dunia imekuwa ndogo halafu tupige makofi. Imekuwa ndogo kwa nani? Rebmann alitembea siku 14 na dunia ikamwita mgunduzi. Watu wa Taita waliomwonyesha njia walibaki wenyeji tu. Finch Hatton alianguka akawa filamu, Kamau alianguka akawa jina moja. Ramani ya ndege inapenda viwanja viwili na mstari mmoja uliopinda. Watu walio chini ya mstari haiwaonyeshi.

Kwa hivyo ombi langu ni dogo. Kabla mwaka huu haujaisha, mkalishe chini mzee mmoja wa kwenu. Usimuulize kuhusu vita wala wakoloni. Muulize swali moja: safari ndefu zaidi uliyowahi kwenda ilikuwa ya wapi, na ilikuchukua muda gani? Mrekodi. Kuna bibi atakuambia alitembea Wundanyi hadi Voi na mtoto mgongoni. Kuna babu atakuambia alivuka Holili usiku mwaka wa 1979 kwenda kumwona mama yake. Hizo ndizo saa ambazo simu haina, na wenye nazo wanazidi kupungua.